Pikapu ya Baba Mkwe

Jumatatu kinyozi hafungui duka. Ndiyo siku yake ya kupumzika, na kwa kuwa mtu asiyejua kupumzika hupumzika kwa kufanya kazi nyingine, Jumatatu zake zote aliziingiza chini ya pikapu. Alilala chali juu ya kipande cha boksi, miguu nje, kichwa ndani, akikwangua kutu kwa brashi ya waya, na kutu ikimdondokea kifuani kama nywele zinavyowadondokea wateja wake.

Pikapu hiyo alipewa na baba mkwe wake. Mji mzima ulimwita Meneja, ingawa machimbo ya mawe aliyoyasimamia yalishafungwa na yeye mwenyewe alishastaafu. Gari lilikaa nyuma ya nyumba ya mzee kwa miaka, matairi yamelala, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

"Lichukue, mwanangu," Meneja alimwambia. "Mkono uliozoea wembe hautashindwa na spana."

Hakutaka hata ahsante. Ndivyo alivyokuwa Meneja: akikupa kitu, husikii tena habari yake.

Fundi wa gereji aliitwa. Akafungua, akafunga, akajifuta mikono. "Hili gari halina ubovu wowote," alisema. "Limekataa tu."

Kinyozi hakukubali. Aliosha kabureta kwa petroli, akabadilisha plagi, akaziba rejeta, akasuka upya nyaya zilizotafunwa na panya. Mkewe, ambaye watoto wake walikuwa shule ya bweni na nyumba ilimpwaya, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimpitishia spana. "Ungekuwa unanisugua mimi visigino namna hiyo," alisema, "saa hizi ningekuwa malkia." Kinyozi alicheka huko huko chini ya gari, na gari likaendelea kukataa.

Ikabaki sakafu ya nyuma, pale panapowekwa mizigo. Kutu ilikuwa imeila mpaka ikawa kama chekeche. Kinyozi alinunua bati nene, akaleta fundi wa kuchomelea, wakashinda kutwa. Jioni fundi akaenda zake. Kinyozi alipotoka kukusanya spana, alikuta wanaume wanne wamekaa nyuma ya pikapu juu ya bati jipya.

Walikuwa weupe kwa vumbi la mawe, hata kope. Mmoja, mrefu, mguu wake ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti. Mwingine alikuwa ameshika ubavu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Wa tatu alikuwa na shati limekauka damu. Wa nne alikaa pembeni peke yake, kichwa amekifunga kitambaa, hakuangalia mtu.

"Habari za jioni," kinyozi alisema.

"Nzuri," alijibu yule wa ubavu. "Tusamehe hatukupiga hodi. Ukuta wenu mfupi."

"Mbona hamkuja siku zote hizi?"

"Hapakuwa na pa kukaa." Aligonga bati kwa kidole. "Sasa pako vizuri."

Kinyozi aliwatambua. Yule wa ubavu alikuwa Nyapara wa machimbo. Mwenye shati la damu aliitwa Kasuku kwa sababu hakuweza kunyamaza hata akitafuna. Yule wa mguu ndiye waliyemwita Mrefu, na kinyozi alimnyoa mara nyingi. Ilibidi amkalishe kwenye kigoda ili akifikie kichwa. Wa nne hakumjua, alikuwa mgeni mjini wakati ule. Wote walikufa siku mwamba ulipoporomoka machimboni, na siku hiyo ilikuwa ndiyo siku ya harusi ya kinyozi. Kwa ajili hiyo hakwenda kuwazika. Alipotoka kwenye fungate aliambiwa tu kwamba walikufa papo hapo, hawakuteseka, na watu walikuwa wakilisema hilo kwa haraka kama wanaoteremsha mzigo.

Mkewe alileta chai. Walishukuru. Hawakuinywa, koo zao zilikuwa zimejaa vumbi, lakini walishika vikombe kwa ajili ya joto. Asubuhi vikombe vilikuwa vimepangwa ukutani, na chini ya kila kimoja pana changarawe kidogo.

Wakawa wanakuja kila jioni. Jirani alilalamika juu ya vumbi kwenye nguo zake zilizoanikwa, basi mke wa kinyozi akahamisha kamba. Kinyozi naye, alipoona nywele za wageni zimejaa kokoto, alitoa kitana na mkasi akawapunguza mmoja mmoja pale pale kwenye pikapu. Yule wa nne alikataa kufunguliwa kitambaa. Kinyozi hakumlazimisha, kuna wateja wa namna hiyo.

Siku moja aliwauliza kwa nini pikapu hii, wakati magari yako mengi.

"Si ndiyo tuliyoambiwa tuisubiri," alisema Kasuku. "Ukuta wa mwamba umeshuka asubuhi, vumbi halijatulia, Nyapara na ubavu wake huo anatambaa mpaka ofisini kuomba gari litupeleke hospitali. Anaambiwa gari bovu. Liko kwa fundi, likipona linakuja. Tukalazwa kivulini. Mrefu akawa anaimba, tena anaimba vibaya, nikamwambia bwana, acha tufe kwa mwamba. Tumecheka mpaka tumeumia. Kivuli kikatuhama, tukasogezwa. Kikatuhama tena. Gari halijapona. Jioni ndiyo nikaacha kuongea."

"Nani aliyewaambia gari bovu?" kinyozi aliuliza, ingawa ofisi ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kusema neno kama hilo.

Nyapara alitazama mikono yake. "Meneja hakuwa na la kufanya," alisema. "Siku yenyewe mnaijua."

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama na birika. Alilitua chini polepole.

"Kitanda changu kilikuja na gari hili," alisema. "Kitanda, kabati na godoro. Lilipambwa maua. Lilizunguka mji mzima likipiga honi mpaka jua linazama."

"Kitanda kizuri," alisema Nyapara. "Tulikipakia sisi wenyewe alfajiri. Mrefu alishika upande wa kichwani."

"Mbao za mninga," Mrefu alisema. "Zito hilo."

Hakukuwa na kinyongo katika sauti zao. Walikisifu kitanda kama watu wanavyosifu kazi waliyoishiriki. Mke wa kinyozi aliingia ndani, na usiku ule alitandika mkeka sakafuni. Mumewe alimfuata mkekani bila kuuliza.

Jumatatu iliyofuata kinyozi alikaa kwenye usukani. Alijaribu ufunguo, injini ikanyamaza kama kawaida yake.

"Lilikuwa zima siku ile," Nyapara alisema kutoka nyuma. Siku hizo walikuwa wameanza kuwahi. "Likaitwa bovu mbele za watu. Neno la mkubwa halirudishwi, basi gari nalo likalishika neno hilo."

Kinyozi alifikiri. Halafu akaweka kiganja juu ya usukani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wewe mzima. Siku zote ulikuwa mzima." Akazungusha ufunguo. Pikapu iliwaka mara moja, ikatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, ikatulia ikinguruma. Mkewe alitoka ndani akiwa amejifunga khanga ya kutokea, akapanda mbele.

Nyapara aliomba waanzie machimboni, kwa sababu safari ilipangwa kuanzia huko. Wakaenda mpaka lango lenye mnyororo, wakageuza, wakashika njia ya hospitali. Kinyozi aliendesha huku anahesabu mashimo ya barabara kama mtu aliyebeba mayai. Kila gurudumu liliposhuka, Kasuku alisema "Pole, Mrefu," na Mrefu akajibu, "Nimeshapoa." Haikuwa mbali. Mke wa kinyozi aliona jinsi ambavyo haikuwa mbali, akageuza uso dirishani.

Mapokezi, mhudumu aliuliza nani ameumia.

"Hawa wote," kinyozi alisema.

"Wameumia lini?"

Akamwambia. Mhudumu aliguna. "Mmechelewa sana," alisema, akawaonyesha benchi.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, viatu amevivua chini ya meza kwa uchovu. Aliwapima kama alivyowapima wengine. Alibonyeza ubavu wa Nyapara, akaweka sikio kifuani pasipokuwa na mdundo, akasikiliza kwa muda uleule anaoutoa kwa kila mtu.

"Mapafu yalitobolewa na mbavu," alisema. "Tunaweka mpira, tunatoa hewa. Wewe ungepona."

Alifika kwa Mrefu, akaushika mguu. "Damu ilimwagikia ndani. Ungechechemea maisha yako yote. Lakini ungepona."

Kasuku aliinua shati mwenyewe. Daktari alitazama, akalishusha. "Ungepona," alisema. "Wewe hata ungechelewa kidogo, ungepona."

Kasuku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afe akakosa la kusema.

Wa nne alipoitwa alisita, kisha akafungua kitambaa mwenyewe. Daktari alichungulia, akakifunga tena taratibu, pembe kwa pembe. "Wewe hapana, kaka," alisema. "Wewe hata ungeletwa kwa ndege."

Yule mtu aliinamisha kichwa. "Afadhali," alisema. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya kijana.

Njiani kurudi, watatu walikaa upande mmoja na yeye upande wa pili. Hawakumtenga kwa chuki. Hawakujua tu wamtazameje mtu ambaye hakunyang'anywa kitu. Na yeye alijikunja kwenye kona yake kama aliyekula chakula cha wenzake.

Mke wa kinyozi alikwenda kwa baba yake siku ya pili. Alimkuta anamwagilia maua, akamwuliza pale pale, hajakaa. Meneja hakukana.

"Ningefanyaje, mwanangu?" alisema. "Kitanda kishushwe barabarani, wewe umekaa umependeza, wakwe wanangoja? Ungeaibika mpaka leo. Na wale vijana, ningewaambia gari limebeba kabati? Mtu anakufa, unamwambia hivyo? Nikasema bovu. Bovu halimuumizi mtu."

"Walingoja kutwa, Baba."

"Najua. Nilikuwa naangalia saa kila dakika. Harusi yako sikuifurahia hata kidogo." Akafunga maji. "Umekonda. Unalala vizuri?"

Alirudi nyumbani akamsimulia mumewe bila kutoa chozi. Akaendelea kulala mkekani. Lakini sakafu ya saruji haina huruma na mtu aliyekwisha kuvuka umri fulani, ikaja mvua, ikaja baridi, na usiku mmoja kinyozi aliamka akakuta mahali pa mkewe pamepoa. Alikuwa kitandani, amelala kwenye ukingo kabisa, macho wazi. Kinyozi alipanda upande wake. Kitanda hakikulia hata kidogo. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri mno.

Jumamosi Meneja alikuja dukani kunyolewa ndevu, kama alivyofanya kila Jumamosi. Alikaa, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Kinyozi alimfunga kitambaa, akampaka povu, akanoa wembe. Shingo ile aliijua kuliko ya mtu yeyote mjini: kinundu kiko wapi, nywele zinageukia wapi, mshipa unapita wapi. Aliweka wembe juu ya mshipa.

"Nimewapeleka hospitali," alisema.

"Nimesikia. Umefanya vyema."

"Daktari anasema wangepona."

Meneja hakufungua macho. "Daktari mwenyewe wa siku hizi. Siku zile hata dawa zilikuwa hakuna." Wembe ukapita. "Wote?"

Kinyozi angeweza kusema wote. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliiona sura ya yule kijana akifungwa kitambaa pembe kwa pembe, akaona si haki yake kumsemea uongo. "Mmoja asingepona," alisema.

"Unaona!" Meneja alifungua macho, na yalikuwa yamelowa. "Unaona sasa? Watu wanasema wanne, wanne, wanne. Miaka yote hii nimebebeshwa wanne."

Kinyozi alimaliza upande wa kushoto, akaenda wa kulia. Mkono haukutetemeka. Alijichunguza kama ungetetemeka, na ulipokataa alihisi kitu ndani yake kimekaa vibaya, kama mfupa uliounga kombo. Alimfuta mzee povu, akampaka mafuta, akamwonyesha kioo. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Nirudishe nyumbani na hilo gari lako," Meneja alisema, akijipapasa kidevu. "Nataka nione ulivyolifufua."

Pikapu ilikuwa nje. Jua lilikuwa limeshapungua, na wanne walikuwa wamekaa nyuma.

"Shikamoo, mzee," walisema.

"Marahaba, vijana wangu." Meneja alizunguka mpaka kona ya yule wa nne, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa muda mrefu. Yule kijana aliuacha mkono wake hapo kwa sababu hakujua namna ya kuuchukua. Wenzake waliangalia pembeni.

Kisha mzee alipanda mbele kwa shida, akiugulia, maana siku hizo mgongo ulikuwa unamsumbua. Kinyozi akawasha gari. Likawaka bila neno. Akaingia barabarani, akatia gia ya pili, ya tatu, na kwa mara ya kwanza hakuyajali mashimo. Aliyakanyaga yote, moja baada ya jingine, mzee akiruka kitini na kushikilia mlango.

Ngumi iligonga paa la gari kutoka nyuma. Kinyozi aliteremsha kioo.

"Taratibu, Kinyozi," ilisema sauti ya Nyapara, kwa heshima ileile aliyokwenda nayo ofisini akitambaa. "Mzee mgongo."

Kinyozi alipunguza mwendo.