Shikamoo ya Bwana Tai

Mcheza kwao huzomewa. Najua, wahenga walisema hutunzwa. Lakini wahenga hawakuwahi kushika kipaza sauti kwenye banda la video la Mzee Nikodemu, hapa Kitomanga, siku mpelelezi anapogeuka msaliti mbele ya watu waliomwamini.

Kazi yangu ni hii. Mzee Nikodemu analipia kwa simu yake zile tamthilia za mtandaoni, za wapelelezi na majambazi. Anaunganisha simu na runinga kubwa, watu wanajaa kwenye mabenchi, na mimi nakaa kwenye kigoda pembeni ya runinga. Kizungu kinatoka kwa wenyewe, Kiswahili kinatoka kwangu, papo hapo. Mimi ndiye jambazi, mimi ndiye polisi, mimi ndiye mjane anayelia. Nilipopata stashahada yangu ya lugha niliomba kazi ya kusoma habari kwenye redio moja mjini, wakaniambia nina lafudhi ya kusini. Nikawaambia nanyi mnayo ya kwenu, ila hakuna aliyewahi kuwaambia. Basi nikarudi nyumbani. Kipaza sauti cha Nikodemu hakikuniuliza nimetoka wapi.

Kwenye banda letu sehemu ikiisha hakuna anayetoka. Mlango unafunguliwa, mwanga wa alasiri unaingia, na watu wanatoa hukumu.

"Mimi hawa wapelelezi siwaelewi," atasema Cletus, fundi baiskeli. "Mtu anaishi peke yake, jirani hamjui, hana hata mjomba wa kumsumbua kwa simu. Hapa ukinunua samaki wawili badala ya mmoja, mtaa mzima unajua umepata mgeni. Siri angeifanyia wapi?"

"Tena hawali," atadakia Bi Moza kutoka benchi la mbele, ambalo ni lake, hakai mwingine. "Wanapika, wanapakua, simu inalia, wanaondoka! Mtu anayeacha chakula cha moto mezani hawezi kulinda nchi."

"Hiyo umeona wewe Mmwera, kwa kuwa macho yako yako kwenye sufuria," Cletus atamjibu.

"Na wewe Mmakonde macho yako yako wapi? Kwenye dirisha la yule mke wa jambazi!"

Hao ni watani, maneno yao hayafiki kwa mwenyekiti. Valeria wa dukani naye husema kila mara kwamba anaomba jambazi ashinde, walau mara moja, aone serikali yao itafanyaje. Basi ndivyo tunavyotazama.

Ikaja tamthilia moja ya wapelelezi. Jina lake la Kizungu halikumkaa mtu mdomoni, Kitomanga ikaiita Bibi Miwani, kwa sababu ya yule mama mzee anayeongoza ofisi ya siri, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu. Ndani ya ofisi yake kuna mtu anauza siri kwa maadui, na watu wake wanauawa mmoja mmoja. Wanaoshukiwa ni wawili. Mmoja ni msichana anayevaa buti msimu wote, tukamwita Buti. Mwingine ni kijana mtanashati wa tai na koti, tukamwita Bwana Tai.

Sasa sikiliza tatizo la mtafsiri. Wazungu hawana shikamoo. Mtu anaingia kwa mkubwa wake na neno moja, lile lile analomwambia mtoto, lile lile analomwambia paka. Ni mimi ninayeamua nani kaamkia na nani hakuamkia. Na huwezi kukwepa, kwa sababu watu wa benchi la mbele wanasubiri. Mtu akiingia chumbani kwa mzee na Kiswahili kisitoke, wanaguna.

Mimi natazama mwili. Buti aliingia kwa Bibi Miwani bila kubisha, akatupa faili mezani, akaanza kusema. Huyo nimpe salamu gani? Sikumpa. Bwana Tai alibisha, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akangoja aitwe. "Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti yake. Bibi Miwani midomo ikamcheza kidogo. "Marahaba, mwanangu."

Banda zima lilishusha pumzi. Siku ile ile kesi ikaisha.

"Msaliti ni yule msichana," Bi Moza akahukumu. "Mtoto asiyeamkia wakubwa, nchi ataiuza saa ngapi?"

"Ana haraka, anafukuza wauaji," Cletus akasema.

"Haraka ya kushindwa shikamoo? Ni neno moja! Hata anayekimbilia chooni analisema akipita."

"Mimi yule wa tai simpendi. Viatu vyake havina vumbi. Mtu anayefanya kazi ana vumbi."

"Kwa hiyo wewe ndiye mfanyakazi kuliko wote Lindi nzima."

Kila wiki ikawa hivyo. Bwana Tai anainama, ninampa shikamoo yake. Buti anaingia kama upepo, simpi kitu. Msimu wa ufuta ulikuwa umeanza, watu walimjadili Bwana Tai wakiwa wanapepeta. Mama mmoja wa Kiswere, aliyekuja kumsalimia dada yake, aliahirisha kurudi kwao ili aone Buti atakavyofungwa. Na Bi Moza akafika pabaya. Alisimama mbele ya watu wote akasema: "Bwana Tai akiwa msaliti, mimi Moza nahama benchi hili, nakwenda kukaa nyuma kabisa, na wale wavulana wanaotema maganda ya karanga."

Nilikuwa sijui mwisho, sikutangulia kutazama. Mtafsiri anayejua mwisho sauti yake inamsaliti.

Sehemu ya mwisho ilipofika, watu walisimama mpaka nje, wengine wakichungulia kwenye nafasi za mabati. Bwana Tai alibisha mlango wa Bibi Miwani, mkononi ameshika kikombe cha chai. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea chai, umechoka."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Amina," likaitikia benchi la mbele.

Bibi Miwani anainua kikombe. Mlango unapigwa teke. Ni Buti, kama kawaida yake, bila hodi. Anakipiga kikombe, kinaruka, chai inamwagika juu ya zulia, na zulia linaanza kutoa povu.

Banda la mabati likalipuka kwa kelele.

"Ni yeye! Ni Tai!"

"Viatu! Nilisema mimi, viatu!" Cletus alikuwa amepanda juu ya benchi.

Bi Moza alisimama mbele ya runinga, kanga ameitandaza kwa mikono miwili kama anamsitiri mtu, hakuna aliyeona tena kitu. Hakumtazama Bwana Tai. Alinitazama mimi.

"Kudra! Ulimwamkisha!"

"Bibi, aliinama."

"Aliinama kwa Kizungu chao! Shikamoo umemtia wewe mdomoni. Umechukua shikamoo yetu, tuliyofunzwa na wazazi wetu, umempa muuaji. Nami nikamwitikia amina!"

"Kweli kabisa," mtu akasema nyuma. "Angekuwa hana salamu tungemjua."

"Aombe radhi!"

"Aombe!"

Cletus akacheka mpaka akashuka kwenye benchi bila kupenda. "Bi Moza, na yule mkwe wako wa Mtwara je? Aliyekuwa akipiga magoti uani kwako, shikamoo mama, shikamoo mama, mpaka mbuzi wako wakazoea? Yule naye aliamkishwa na Kudra?"

Watu waliangua kicheko. Kitomanga nzima inamjua yule mkwe. Alipiga magoti msimu mzima, akamwoa Anjelina binti wa Bi Moza, na kumbe ana mke mwingine na watoto Mtwara. Bi Moza alicheka pia, hakuweza kujizuia, akamrushia Cletus kandambili. Lakini alipoiokota alirudi pale pale.

"Nimecheka. Radhi yangu bado naitaka."

Akahama benchi, kwa kuwa ni mtu wa neno lake. Kumwona anapita katikati ya watu kwenda kukaa na maganda ya karanga, hilo ndilo lililowauma kuliko chai ya sumu.

Kesho yake asubuhi Mzee Nikodemu aliniita dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Akaweka flashi mezani. "Hizi zimeletwa kutoka Dar. Tamthilia mpya za majambazi, zimeshatiwa Kiswahili huko huko. Nikiziweka, sihitaji mtu wa maiki."

"Umezisikiliza?"

"Sijazisikiliza. Mwanangu, mimi nimetoka Newala na begi moja, banda hili limenisomeshea watoto. Watu wana hasira. Jumamosi simama mbele yao, useme samahani, mambo yaishe, uendelee na kazi yako. Usiposema, naweka flashi."

"Niombe samahani kwa kosa gani?"

"Kosa unalitaka la nini? Omba tu."

Nilikwenda nyumbani na ile kauli kichwani. Nisingekuwa mkweli nikisema sikujaribu. Nilisimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya maji, nikalisema lile neno nione linavyokaa mdomoni. Samahani, ndugu watazamaji. Lilitoka vizuri, lafudhi safi, hata redio ile ya mjini ingelipenda. Ndiyo maana sikuliamini.

Kwa sababu, kwa maoni yangu, ile ndiyo tafsiri nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Bibi Miwani, jasusi wa miaka yote, aliyekamata watu wa kila aina, alidanganywa na kijana mmoja mwenye adabu. Ningemwacha Tai bila shikamoo, Kitomanga ingemjua tangu sehemu ya kwanza na kumwona yule mama mjinga. Nilimpa, basi wote tukadanganywa pamoja naye. Benchi la mbele lilisema amina kwenye kikombe cha sumu! Mtunzi gani wa huko kwao angepata sifa kubwa kuliko hiyo?

Jumamosi banda lilijaa kuliko siku ya mwisho wa Bibi Miwani. Walikuja kusikia radhi. Mzee Nikodemu alinitazama, nikatikisa kichwa. Naye akahema, akachomeka flashi. Kigoda changu kilikuwa tupu, mimi nikasimama mlangoni na waliokosa nafasi.

Tamthilia ikaanza. Kijana ameuawa na majambazi, mama yake mzee ameketi sebuleni, amejifunika shuka, jirani wamemzunguka. Mpelelezi kijana anaingia, anavua kofia, anasimama mbele ya yule mama, anainamisha kichwa. Sauti ya Dar ikanguruma:

"Oyaa, niaje maza!"

Benchi la mbele liliguna.

"Kasemaje?" Bi Moza aliuliza kutoka nyuma.

"Niaje maza," Valeria akamjibu.

"Maza? Kwenye msiba?"

Sauti ikaendelea. Mpelelezi akamwambia mfiwa asipate stresi, mchongo wa dogo wake uko kwenye sistimu. Kisha yule mtu wa Dar, kwa kuwa mama alikaa kimya akilia, akajaza kimya hicho kwa kutangaza namba yake ya simu na kuwasalimu washikaji zake wa Mbagala.

"Zima!" Bi Moza alikuwa amesimama. "Zima, Nikodemu! Mtoto amekufa, mama analia, huyu anasalimia Mbagala!"

"Mteja kasema," Cletus akapaza sauti. "Zima!"

"Kudra yuko wapi?"

"Yuko mlangoni!"

Mikono ikanisukuma, nikajikuta mbele. Mzee Nikodemu alichomoa flashi polepole, akaitia mfuko wa shati, akanipa kipaza sauti. Nilianza kukaa kwenye kigoda.

"Ngoja," Bi Moza akasema.

Alikuwa amekuja mbele, kanga imejaa maganda ya karanga. Alikaa kwenye benchi lake la zamani, akayapangusa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha neno lake.

"Arudi, nimekubali. Sauti yake ndiyo yetu. Lakini kwanza radhi. Mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu, nimezomewa na kijiji kizima. Sema samahani, nipate pa kuweka uso wangu, tutazame."

"Sema, Kudra," Mzee Nikodemu akanong'ona. "Wamekutaka wenyewe. Neno moja tu, usiharibu."

Runinga ilikuwa imesimama palepale, mpelelezi ameinama, mama amejifunika shuka. Nilimpenda sana Bi Moza wakati ule, na nilikitaka sana kile kigoda.

"Bibi," nikasema, na kipaza sauti kikaibeba sauti yangu mpaka barabarani, "shikamoo."

"Marahaba. Haya, sema."

"Radhi siombi. Alikuwa na adabu, nikaitafsiri. Sikukosea, na siombi."