Mnara wa Kutu

Kengele ya asubuhi ilipolia, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliingia getini mmoja mmoja, na fundi aliyezikwa wiki iliyotangulia aliingia pamoja nao. Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Mlinzi alimtazama, akainua kizuizi.

"Marehemu, leo umewahi."

Fundi alipita kando ya mashimo ya kulowekea ngozi, kunakotoka gesi yenye harufu ya mayai viza, akapanda ngazi ya mnara wa kusafishia hewa, akaingia ndani na kukaa.

Mnara ule ulipaswa kujazwa chuma chenye kutu. Kutu huinasa gesi, yenyewe ikageuka nyeusi. Ikitolewa na kuanikwa, oksijeni ya hewani huirudishia wekundu wake, na salfa hubaki pembeni, unga wa njano. Lakini kuanika kutu ni kusimamisha kazi kutwa, na mkuu wa kiwanda hakupenda kazi isimame. Kutu ilibaki nyeusi miezi mingi, isinase gesi tena, mpaka fundi aliposhuka shimoni kuzibua bomba na asipande tena. Baada ya msiba waliitupa, wasitie nyingine.

Sasa harufu ilikatika. Mdogo wake fundi, aliyerithishwa kazi ya bomba lilelile, alivuta pumzi kule shimoni, akaanza kupiga mluzi.

Mchana Marehemu alitoka mweusi tii, akasimama uani penye upepo. Mkewe alikuwa akimngoja na ndoo ya maji. Mumewe alikuwa amemsimulia zamani, wakiwa mezani: kutu ikianikwa hupata moto, ukizembea inawaka. Akamnyunyizia maji. Mvuke ukapanda. Uso ulirudi mwekundu, kisha mikono; mgongo ukakawia.

"Geuka, baba. Huko nyuma bado."

Akageuka. Mjane alimpangusa salfa mabegani, akamshika mkono. Ulikuwa na joto kuliko alipokuwa hai. Aliushika mpaka kengele ikalia.

"Shemeji!" mdogo mtu aliita kutoka shimoni. "Muulize kama mluzi wangu anausikia!"

"Anausikia. Ndiyo maana anarudi mnarani mbio."

Alasiri mjane alikwenda ofisini, viganja vyake vya njano.

"Mkuu, tieni kutu mnarani. Mume wangu apumzike."

"Mama, mnara haujawahi kufanya kazi vizuri hivi."

"Unafanya kazi kwa sababu yumo mtu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Yeye akipumzika na kutu hamna, mdogo wake atakufa."

"Ndiyo maana nasema asipumzike," alisema mkuu kwa upole, akamfungulia mlango.

Mjane hakulia. Alikuja kila mchana na ndoo yake, akaijua kazi: kwanza kifua, halafu mgongo, makwapa mwisho. Shimoni watu walitoka wakicheka, na mdogo mtu alinenepa.

Kiwanda kikakua. Wakachimba mashimo mengine, wakasimamisha mnara wa pili, mrefu, mweupe, mtupu ndani. Siku ya kuufungua, mkuu alimshika mkono mdogo wa Marehemu asiuachie upesi, akimkagua mabega kama fundi cherehani.

"Afya yako vipi?"

"Nzuri, mkuu."

Mjane alikuwa palepale uani, akimgeuza mumewe.

"Mkuu," alisema, "mimi ndoo yangu ni moja."

"Usijali, mama. Ndoo tutakununulia."

Kesho yake ililetwa, mpya, ya bati.