Upande wa Nyuma wa Hotuba ya Baba

...kumi na tatu, ndiyo, kumi na nne, ndiyo, binti wa dawati la mbele anasoma taratibu kama alivyofundishwa, namba ya mjumbe wa bunge kisha kura yake, na mwalimu wa historia amesimama ubaoni na chaki mkononi, baba yake mwalimu ni wa ishirini na mbili, amemwona sasa hivi tu alipokuwa akigawa nakala, ndiyo, baba amekubali kifungu cha katiba cha kumfunga mtu bila mashtaka... na haya yote kayaleta jamaa wa kutoa kopi, nani alimtuma, miaka yote anapelekewa karatasi ileile, hotuba ya baba ya kukipinga kifungu hicho, leo anasema, "Mwalimu, hii ina maandishi na nyuma, majina na kura, nimekutolea pande zote," na yeye akashukuru, mjinga wee, akabeba... "Kumi na sita, ndiyo." Anawaambia watoto wa watu kila siku, msiniletee mnavyodhani, nisomeeni kilichoandikwa, mwenyewe hajawahi kugeuza karatasi moja, ageuze ya nini, hotuba ameihifadhi kichwani tangu utotoni, baba aliirudia kila walipokuja wageni, na wageni wakamvika kilemba cha ukoka, shujaa, mwanamume wa kweli, na mjomba, kaka wa mama, alichukuliwa mchana kweupe akinyoa ndevu, povu shavuni, kwa kifungu hichohicho, hakurudi, na baba akasema mimi nilikataa, wote mnajua nilikataa... "Kumi na nane, hakuwepo." Heri yake huyo, laiti nawe baba ungeumwa tumbo siku ile moja tu... amkatize binti, aseme muda umekwisha, funika kombe mwanaharamu apite, nusu ya darasa wanapiga miayo, ila jina la ukoo ndilo lililoandikwa mlangoni kwake, watalijua, na mama je, mama yu hai, yuko nyumbani, ataambiwa nini mama, alale vipi na habari hii... "Ishirini, ndiyo." Lakini ngoja, mama, kila hotuba ilipoanza mama aliinuka, kila mara, akakusanya sahani watu wakiwa bado wanakula, wageni wakaduwaa, baba akasema, "Mke wangu hapendi siasa," wakacheka, na yeye mtoto akacheka kuwashinda wote... alijua. Mama alijua, akapika, akafua, akamuuguza, akamzika, na hakuna mtu aliyemwuliza kwa nini unaondoka mezani, hata mwanawe, mwenye kazi ya kuuliza. Aibu inampanda mpaka masikioni. "Ishirini na moja, ndiyo," anasoma binti, kisha analiona jina linalofuata, anamtazama mwalimu wake kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inayomuuma zaidi.

"Mwalimu, niendelee?"

"Soma, mwanangu," anasema, na anaiweka chaki chini. "Soma kwa nguvu, hata wa nyuma wasikie."