Jicho Moja Moja

Madereva wanaotaka leseni huukariri ubao wa herufi wa kupimia macho. Husimama kwenye foleni nyuma ya mwenzao, humsikiliza anavyosoma, na zamu yao ikifika huzimwaga herufi zote mpaka mstari wa chini bila kukunja uso. Daktari aliwakamata kwa njia rahisi: aliwaambia wasome kutoka kulia kwenda kushoto. Wengi walikwama kwenye herufi ya pili. "Mbona unasoma kama umemeza redio?" aliwauliza, kisha akawaandikia miwani.

Jumatatu moja, kabla wagonjwa hawajaingia, aliliziba jicho lake la kulia kwa kiganja akaukabili ubao huohuo. Alisoma hadi mwisho, akarudia kutoka kulia. Hakukosa herufi hata moja. Hilo halikuthibitisha chochote, kwa kuwa ubao ule alikuwa nao kichwani tangu ujana wake na angeweza kuusoma akiwa amefumba macho yote mawili. Kilichomshtua ni fremu ya mlango, kando ya ubao. Ilikuwa na kibyongo. Alipoondoa kiganja, ikanyooka.

Alijua maana yake. Katikati ya retina ya jicho la kushoto palikuwa pameharibika. Kwa mwalimu au mwanasheria hiyo ingekuwa habari mbaya kiasi. Kwa mtu anayepasua macho ilikuwa habari nyingine, maana darubini ya upasuaji inataka macho mawili yanayoshirikiana. Jicho moja halipimi kina. Nyuma ya lenzi ya jicho kuna ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kazi yake yote ilikuwa kuikaribia bila kuitoboa.

Aliketi, akamwita mgonjwa wa kwanza.

Hospitalini walimwita Mama Mboni. Alichagua macho wakati wenzake chuoni waliyaona kuwa tawi la watu waoga wa damu, na hakuwahi kujuta. Aliolewa mara moja, akaachika bila ugomvi. Hakupata mtoto. Manesi walikuwa na utani kwamba watoto wake wote ni wa jicho, na amewatoa kwa mkono wake mwenyewe. Utani ulipomfikia, alitafuta kosa ndani yake asilione. Nyumbani alikuwa na meza ya watu sita, na viti vitano kati ya hivyo vilibeba majarida ya udaktari. Barabarani wagonjwa wake walimpita bila salamu, kwani walipokuwa mbele yake waliona ukungu mtupu. Siku ya kufunguliwa bandeji walimtazama kidogo, kisha macho yakampita yakaenda mlangoni kumtafuta mtu wao.

Alhamisi ya wiki ile alikuwa amepangiwa kumpasua kaka yake. Kaka huyo, seremala mstaafu, alipoteza jicho la kulia kwa kibanzi cha mbao alipokuwa bado mwanagenzi. La kushoto sasa lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa. Madaktari wawili walijitolea kumtoa, akawakataa. Alitaka mkono wa dada yake tu. Likiharibika jicho hilo, hakuna jingine.

Jumanne alimwita chumbani daktari kijana aliyemfundisha mwenyewe, akafunga mlango.

"Nipime."

"Unabadilisha miwani, mwalimu?"

"Nipime kwanza. Usitumie herufi. Tumia ubao wa E."

Ubao wa E ni wa wasiojua kusoma. Umejaa E tupu, kila moja imegeuzwa upande wake, na mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu inakoelekea. Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akagundua kwamba kinayumba, akaliziba jicho la kulia. Kijana alianza na kubwa. Juu. Kushoto. Kulia. Kwenye mstari wa nne mkono wa mwalimu wake ulibaki hewani.

"Bahatisha," kijana alisema kwa mazoea, kisha akainamisha kichwa. "Samahani, mwalimu."

"Samahani ya nini? Ndivyo nilivyokufundisha. Chini."

Ilikuwa juu.

Kijana alimtia matone, wakangoja mboni ipanuke, akachungulia ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sema," alisema Daktari.

"Katikati pamevimba, na kuna kovu. Sindano zinaweza kuzuia lisiendelee kuharibika. Kurudisha kilichopotea..."

"Najua. Alhamisi kaka yangu ni wako."

"Mwalimu, mzee ana jicho moja tu."

"Ndiyo maana."

Jioni alikwenda kwa kaka. Wifi yake alimfungulia mlango akarudi jikoni kwenye sufuria zake. Kaka alikuwa sebuleni, uso ameuelekeza dirishani penye mwanga.

"Nani huyo anatembea kama anapima sakafu?"

"Mimi."

"Ah, fundi wangu. Umeshanoa?"

Alimwambia kwamba atapasuliwa na daktari kijana.

"Yupi? Yule mwenye sauti ya kwaya?"

"Huyo. Ni hodari."

"Kama ni hodari, akapasue kaka yake. Mimi nimekungoja wewe, nikibisha milango kwa paji la uso. Kama huna nafasi sema, nitabaki hivihivi. Wifi yako atanishika mkono."

"Nitakushika vipi, na mie magoti haya?" wifi alisema kutoka jikoni.

Daktari alikuwa amejiandaa. Alieleza upasuaji ambao kijana amefanya, jinsi wagonjwa wake walivyopona, na kwamba hajawahi kuitoboa ile ngozi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaongea kama mtu anayeuza friji," alisema. "Mwaka huu wote ilikuwa unipasue wewe. Leo kuna nini?"

"Sioni, kaka."

Jikoni sufuria zilinyamaza.

"Huoni nini?"

"Jicho la kushoto limekufa katikati. Nikikutazama kwa hilo, huna pua."

"Kwa pua hii hujapoteza kitu." Akageuza uso kutoka dirishani. "Tangu lini?"

"Nimejua jana."

"Ukamwambia nani?"

"Huyo kijana, leo."

"Jana, nakuuliza. Nyumbani ulimwambia nani?"

"Nyumbani kuna nani, kaka?"

Kaka alinyoosha mkono, akapapasa hewa, akaupata mkono wa gauni lake.

"Kwa hiyo tumebaki na jicho moja moja," alisema. "Tukikaa pamoja, tunapata mtu mzima mmoja." Kisha: "Haya, mwanakwaya afanye. Ila uwe humohumo ndani. Nisikie hata ukipiga chafya."

Mgonjwa wa mtoto wa jicho hapewi usingizi. Hulala macho, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, na haruhusiwi kusema wala kujitikisa. Kando ya kitanda sista huketi amemshika mkono. Mgonjwa akitaka kukohoa, humbana sista, naye humwambia daktari atoe vyombo kwanza. Alhamisi ile sista alimpisha Daktari kwenye kiti chake.

Kutoka hapo jicho halionekani. Huonekana shavu la daktari na kiwiko chake. Daktari alifuata kazi kwa masikio: mlio wa mashine ulipopanda, lenzi ilikuwa inavunjwa, uliposhuka, kijana alikuwa amefika kwenye ngozi. Hapo mkono wa kaka ulimbana.

"Simama," Daktari alimwambia kijana.

Kijana alitoa vyombo. Chini ya kitambaa kaka alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu wa mbao.

"Endelea."

Kaka hakumwachia. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto. Daktari alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposhika mkono wa mtu bila kutafuta mapigo ya moyo, hakuikumbuka.

"Lenzi imekaa, mwalimu," kijana alisema baadaye. "Ngozi ni nzima."

"Vizuri."

Kaka alitolewa kwa kitanda cha magurudumu, bandeji jichoni, na kabla mlango haujafungwa alisikika akimwuliza mkewe kama viatu vyake vipo. Shuka lilibadilishwa. Kijana alivaa glavu mpya, akasogeza darubini mahali pake. Mgonjwa mwingine aliingizwa, akalazwa, akafunikwa.

Sista alikuwa amesimama kando. Daktari alikuwa bado ameketi.

"Mama," alisema kwa upole. "Kiti."