Kelele Kilindini kwa Oressa

Mdomo wangu hauna breki, na bonde zima la Margaree linajua. Miaka yote niliyoendesha basi la shule, watoto walikaa kimya kuliko kanisani, na wala si kwa kunipenda. Kwa hiyo Oressa Tingley alipotukusanya wavuvi wote getini kwake na kutangaza kwamba akisikia kelele moja tu nyingine anafunga njia, macho yake yalikuwa kwangu.

Sikumlaumu. Wiki iliyotangulia wanaume wawili, watu wazima wenye wake nyumbani, walikunjana mashati ndani ya maji kwa sababu mmoja aliingia majini mbele ya mwenzake. Mmoja akaanguka akapasua paji la uso kwenye jiwe. Oressa ndiye aliyemkokota hadi kwenye gari lake na kumkimbiza hospitali, damu imejaa kwenye viti. Tangu mumewe afariki anaishi peke yake na kondoo wake, na njia ya kwenda mtoni inakatiza katikati ya shamba lake la majani. Tunapita kwa hisani yake tu. Kila vuli samoni wanapopanda kutoka baharini, yeye yuko juu ya trekta na sisi tuko chini tunatukanana.

Wengine, geti likifungwa, wangelalamika siku mbili kisha wangehamia sehemu nyingine ya mto. Mimi siwezi. Kwingine kote lazima ushuke genge la mawe, na magoti yangu yameshakataa mambo ya magenge. Pale kwa Oressa nimevua tangu sijaolewa, nimevua na mimba, nimevua siku tulipotoka kumzika mama yangu kwa sababu sikujua pa kwenda. Geti likifungwa, kwangu uvuvi ndiyo basi. Kwa hiyo niliapa nitafyata ulimi hata mtu akinikanyaga.

Sasa, kwetu kuna utaratibu, na haujaandikwa popote. Kando ya kilindi, pale mto unapokuwa na kina na samoni hupumzika, kuna benchi. Ukifika unakaa mwisho wa benchi, unasalimia, unasogea wenzako wanapoondoka. Zamu yako ikifika unaingia juu kabisa ya kilindi, unatupa chambo chako, nzi wa bandia wa manyoya, unashuka hatua moja, unatupa tena, unashuka. Ukifika chini unatoka na kurudi mwisho wa benchi. Kwa njia hiyo kila mtu anampitia kila samaki, awe daktari wa mjini Halifax au dereva mstaafu kama mimi. Kusimama mahali pamoja ni uchoyo. Kuingia mbele ya mtu aliye kwenye maji ni matusi, na hilo ndilo lililopasua paji la uso la yule bwana.

Asubuhi hiyo benchi lilikuwa limejaa na zamu ilikuwa yangu. Niko kwenye maji ya mapaja, nimetulia, sina ubaya na mtu. Akaja mgeni kutoka getini, mwanaume wa makamo, kilemba cha rangi ya chungwa, suruali ya mpira mpya kabisa. Akawasalimia wa benchini kwa heshima zote, akawapita, akaingia majini katikati ya kilindi, mbele yangu, akasimama. Hakusogea. Alisimama kama nguzo ya umeme.

Benchi zima likanigeukia. Binamu yangu Lauchie, mtu mwenye haya kiasi kwamba hata kuagiza chai anaona tabu, alikohoa kikohozi cha kunikumbusha geti. Kule juu trekta la Oressa lilikuwa linanguruma, linageuza majani yaliyokatwa yakauke. Nilikuwa na maneno ya kumpa yule bwana vidonge vyake mpaka asahau alikozaliwa, yamejipanga mdomoni, moto moto. Nikayameza.

Nikafanya kinachofanywa na mtu mwenye adabu: nikaendelea na zamu yangu. Natupa, nashuka hatua. Natupa, nashuka hatua. Mtu wa kwetu akiona unamkaribia anajua anakuzuia, atasogea. Huyu wapi. Nilishuka mpaka mshipi wangu ukawa unaangukia karibu na magoti yake, ndipo akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevumilia mengi.

"Mama, samahani sana," akasema, "lakini naomba usinisogelee. Kila nikigeuka nakuona umezidi kuja."

Jamani. Mimi. Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye nywele.

"Mimi ndiye ninayekusogelea wewe?" nikamuuliza, kwa sauti ya chini hata mwenyewe sikuitambua.

"Nilikuta nafasi nikasimama," akasema. "Kwetu mtu akishasimama pake, ni pake. Hakuna anayemfuata."

Nikamuuliza kwao ni wapi. Ikawa ni British Columbia, mwisho mwingine wa nchi, ambako wavuvi wanajipanga bega kwa bega ukingoni kuanzia alfajiri na kila mmoja analinda alipokanyaga. Kule anayetembea kumwelekea mwenzake ni mwizi wa nafasi. Jina lake Jagdeep Bhullar, dereva wa malori, amehamia Sydney, mji wetu wa jirani wenye jina hilo, majira ya kuchipua, na hii ndiyo likizo yake ya kwanza. Alikuwa ameona katikati ya kilindi hakuna mtu, akadhani tumemwachia mgeni.

"Na wale wa benchini?" nikamuuliza. "Uliona wanafanya nini?"

"Nilidhani wanapumzika."

Nikamnong'oneza kwamba wanasubiri, na wanamsubiri yeye. Akageuka akalitazama lile benchi, nyuso zilizonuna kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilimwona akinywea ndani ya ile suruali yake. Aliniomba radhi mara chungu nzima. Hasira zikaniishia zote, nikabaki namhurumia. Akaanza kukunja mshipi haraka ili atoke, na nzi wake akiwa anakuja juujuu ya maji, samoni akamdaka huyo nzi.

Bwana Bhullar akainua kichwa akapiga kelele, kwa nguvu zote za kifua chake: "Samaki!"

Sauti iligonga kilima ikarudi. Kwao, nilikuja kuelewa, huo ndio ungwana wenyewe. Ukimpata samaki kwenye msongamano ule unawatangazia majirani ili watoe mishipi yao njiani, na asiyetangaza anaonekana mshenzi. Lakini Oressa angejuaje? Trekta likazimwa.

"Kwisha habari yetu," Lauchie akasema kule benchini.

Nilitaka kutoka mbio nikamwahi Oressa njiani, nimbembeleze. Lakini mtu wa karibu ndiye anayemsaidia mwenye samaki, hilo nalo ni la kwetu, na wa karibu nilikuwa mimi. Basi nikabaki. Samaki alikimbia hadi chini ya kilindi, akarudi, akaruka mara moja, akachoka. Nikamshika pale penye wembamba, kabla ya mkia. Alikuwa jike kubwa, rangi imeshaanza kugeuka shaba, tumbo limejaa mayai. Nikamtoa ndoana, maana kwetu samoni hurudishwa mtoni akatage, nikamwelekeza kichwa kwenye mkondo ili apate pumzi. Samaki aliyechoka hivyo ukimwachia mapema anapinduka na kufa, na huyu hakuwa tayari.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Oressa, anahema. "Nani amepiga kelele?"

Bhullar akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, mama. Kosa ni langu, wao hawahusiki."

"Unagombana na nani?"

"Hagombani na mtu," nikasema, bila kugeuka. "Amepata samaki. Kwao ukipata samaki unapiga kelele ili wenzako wakupishe."

"Effie, nilisema kelele moja."

"Ulisema. Na ningeweza kusimama ningekupigia magoti, hata haya mabovu. Lakini nikimwachia huyu atakufa. Njoo umwone, Oressa, halafu ukafunge."

Nilidhani ameondoka, nikajua naangalia maji yale kwa mara ya mwisho. Kisha nikasikia buti zake za shambani zinaingia mtoni. Akainama kando yangu, anashika bega langu asiteleze.

Nikamwambia aweke mkono chini ya tumbo. Akauweka. Samaki alikuwa anafungua na kufunga mashavu, polepole, kisha kwa nguvu zaidi, na mwili mzima ukaanza kukaza. Ghafla mkia ukapiga, ukatulowesha sote wawili usoni, na samaki akaenda.

Oressa alibaki ameinama, mkono wake uko palepale majini.

"Miaka yote hii," akasema. "Nawajua wote kwa sauti. Namjua mwenye matusi, namjua anayemsengenya mkewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita nije nione samaki."

Masikio yaliniwaka. Tumepita kwenye majani ya mwanamke huyu maisha yetu yote, tumemlalamikia kondoo wake, tumemwachia ugomvi wetu na majeruhi wetu. Nilitafuta la kusema sikulipata, na kwangu hilo ni jambo la kuitia watu.

Lauchie ndiye aliyeuliza, kwa kigugumizi, kuhusu geti.

"Liko wazi," Oressa akasema, anajifuta uso. "Ugomvi wenu mnong'onezane. Lakini mkipata samaki mpige kelele kama huyu bwana, nisikie mpaka kule juu. Nisiposikia, nafunga."

Akarudi kwenye trekta lake. Bhullar akataka nirudi juu nimalizie zamu aliyoniharibia, nikamwambia hapana, nimeshatoka majini, zamu imekwenda. Tukakaa wote wawili mwisho wa benchi na akanimiminia chai yake ya maziwa na iliki. Akauliza maswali, nikamjibu, na kila wenzetu waliposogea alisogea nao kwa makini kama mtu anayejifunza kucheza dansi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Lauchie alipopata samaki wake. Fimbo yake ya kuvulia ilivyopinda ilionyesha ni mkubwa. Akageuka kututazama, uso mwekundu kama nyanya, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya kifaranga.

"Hajasikia," nikamwambia.

Akajaribu tena, ikawa vilevile. Basi tukasimama benchi zima, na Bhullar akiongoza, tukamsaidia. Sijawahi kupiga kelele kwa raha namna ile. Na Oressa akaja, mwanamke wa umri wangu, anakatiza shamba mbio, ameliacha trekta likinguruma peke yake katikati ya majani.