Kipimo cha Mdomoni na cha Daftarini

Fundi wa nguo atakayekuambia kwamba yeye humtajia mteja ukweli wa kiuno chake ni mwongo. Mimi nina miaka ishirini na mitatu kwenye cherehani, na kiuno cha inchi arobaini na mbili nakitangaza thelathini na tisa bila kupepesa jicho. Mteja anatabasamu, mimi naandika arobaini na mbili daftarini, na mume wangu anakata kitambaa kwa kufuata daftari. Nguo inamkaa vizuri, hakuna aliyeumia. Mume wangu huyo, mtaa mzima unamwita Mkasi.

Mwaka huu muuguzi wa zahanati akatuletea kimashine cha kupima presha. Alisema duniani kote maradhi ya moyo na kiharusi yanaua watu ambao hawakujua hata kama wanaumwa, maana presha haipigi hodi. Kwa hiyo nchi nyingi sasa zinawafuata watu walipo: sokoni, kwa vinyozi, kwa mafundi kama sisi.

"Mama, wewe kutwa unashika mikono ya watu na futi yako ya kupimia," akaniambia. "Ongeza mkanda huu mmoja tu. Ukipima mara mbili ikazidi mia na arobaini, mlete kwangu."

Wa kwanza kumpima alikuwa Mkasi. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mkono wa shati, huku akitania kwamba hatimaye nimepata kibali cha kumkaba. Mashine ikaandika 182. Nikarudia, ikaandika 184. Baba yake alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili, akamaliza maisha yake hawezi kushika kijiko. Mkasi ana hamsini na mmoja.

"Ngapi?" akauliza.

"Mia thelathini na nane."

Lilinitoka lenyewe, kama ninavyotaja kiuno cha mteja. Akashusha pumzi, akarudi kwenye meza yake ya kukatia. Mimi nikaandika 184 kwenye ukurasa wenye jina lake.

Nilijiambia nitamweleza kesho, akiwa ametulia. Kesho ikazaa kesho nyingine. Najua ulikuwa ujinga, wala sitafuti wa kunitetea. Niliogopa kwamba nikimtajia namba ile atajiona keshaanguka. Basi nikaamua kumtibu kimyakimya. Nikaondoa chumvi kwenye mboga mpaka zikawa kama za mgonjwa wa wodini, nikamtuma kwa miguu duka la mbali kununua uzi ambao tulikuwa nao tele. Alikula na akaenda bila kulalamika, jambo ambalo lingenishtua kama akili zangu zingekuwa mahali pake. Kila Jumatatu nilimpima: 176, 160, 148. Mdomoni nilibaki palepale, mia thelathini na nane, na moyoni nikajipongeza kama daktari bingwa.

Wiki ya sita muuguzi akarudi kukagua daftari. Kidole chake kikasimama kwenye ukurasa wa Mkasi.

"Huyu wa 184, mama, mbona hukumleta?"

Machozi yakaniwahi. Mkasi alikuwa mezani, hatua tatu tu kutoka pale tulipokaa, na alisikia kila neno.

"Huyo ni mimi, dada," akasema. "Nilienda mwenyewe hospitali kubwa, kesho yake."

Akafungua kopo la vifungo vya makoti, kopo ambalo mimi siligusi, akachomoa vidonge.

"Ulijuaje?" nikasema.

"Mke wangu, miaka ishirini na mitatu nakata nguo kwa daftari lako. Lini nimewahi kukata kwa mdomo wako?"

Muuguzi akacheka. Mimi sikuweza. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia, naye akaweka mkasi chini.

"Niliona mwandiko umetetemeka. Nikasema, huyu anaogopa kuliko mimi, ngoja nimwache." Akajifuta vumbi la chaki vidoleni, ingawa halikuwepo. "Lakini kuogopa peke yangu kulinichosha. Kila Jumatatu ulipokuwa unanifunga mkanda, nilikuwa nasema, leo ataniambia."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Jumatatu zote zile mimi nilikuwa najipongeza kwa mboga zangu zisizo na chumvi, kumbe mwenzangu yuko kwenye kigoda ananisubiri. Nikamwomba msamaha mbele ya mgeni, kwa sauti, na sikuona haya.

Muuguzi akatuacha tumalize, kisha akaniuliza, "Na wewe mama, yako ngapi?"

Kazi yangu ni kupima wengine. Haikunijia kwamba na mimi nina mkono. Mkasi akanikalisha kwenye kigoda, akanifunga mkanda polepole. Akapima mara ya kwanza, akapima mara ya pili. Nikafumba macho, nikisubiri namba tamu kama zile ninazowapa watu.

"Mia sitini na sita," akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshaandika, na daftari amelielekeza kwangu, wino bado mbichi: 166.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote," akasema, akanishika mkono.

Niliogopa sana, lakini si peke yangu.