Marehemu Apandisha Bei

Mwanakuu wa Kibokoni alikuwa akikodisha vyombo vya harusi: karabai, mazulia, masufuria ya pilau, masinia, na kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa nakshi ya pembe. Bibi harusi wa Mji wa Kale ambaye hakukalia kiti hicho watu walimsema hata baada ya kupata wajukuu. Wakati wa vita kazi ilikuwa ya wastani. Vita vilipokwisha, vijana waliokuwa wameahirisha kuoa wakaoa wote kwa pamoja, na Mwanakuu akawa anawarudisha wateja mlangoni kila wiki. Karabai zilezile haziwezi kuwaka Bondeni na Makadara usiku mmoja. Alihitaji mtu wa kumwongezea mtaji.

Mtu akapatikana. Alikuwa Joab, karani wa reli kutoka bara, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni na akiba ya shilingi mia moja. Walikubaliana mambo mawili upesi. La kwanza, biashara ya Mwanakuu ilikuwa na thamani ya shilingi mia tatu: mia mbili ni vyombo, na mia ya tatu ni jina lake na wateja wake. La pili, mwenye robo tatu ya biashara ataamua peke yake. Akiwa na chini ya hapo, hatafanya kitu mpaka mwenziwe aridhie. Hili la pili alilileta Joab, ambaye alipenda kanuni. Mwanakuu alilikubali bila wasiwasi, kwa sababu hakuwahi kumiliki chini ya kitu kizima.

Mambo yaliharibika siku ya kutoa fedha. Joab aliketi kwenye daka la Mwanakuu, baraza ya mlangoni, akanywa kahawa, akakitazama kile kiti cha enzi kwa muda.

"Mama, kiti hiki ni cheusi mno," alisema. "Tukikipaka rangi ya kijani kitachangamka."

Mwanakuu aliweka kikombe chini. "Wataka kupaka mpingo rangi?"

"Mipako miwili tu."

"Na ile pembe je, utaitia wanja?"

"Hatuna haja ya kugombana, Mama. Tutashauriana. Mimi nitakuwa na thuluthi, kwa hiyo lazima tushauriane."

"Thuluthi ya nani? Wewe una robo."

Joab akatabasamu kama anavyotabasamu mtu wa dirishani kwa abiria asiye na tikiti. "Biashara ni ya mia tatu. Mimi natia mia. Mia ni thuluthi ya mia tatu. Hesabu haina jamaa, Mama."

Mwanakuu alijua kwamba si kweli, lakini hakujua uongo umekaa wapi. Alikuwa amepima robo maisha yake yote, robo ya samli, robo ya mchele, robo ya bizari; hakuwahi kupimiwa robo ya biashara yake mwenyewe. Alichokijua kwa yakini ni kwamba akibaki na robo tatu, kiti kitabaki cheusi. Akibaki na thuluthi mbili, kila harusi itafunguliwa kwa ushauri wa Joab, na mabibi harusi wa Kibokoni watakaa juu ya kitu cha rangi ya mchicha.

"Twende tukaulize," akasema.

"Tumwulize nani?"

"Maalim Zein."

Hapakuwa na mtu kisiwani aliyejua kugawa mali kama Maalim Zein. Nyumba iliyogombewa na ndugu, wajomba na wake wawili, yeye aliigawa kabla chai haijapoa, na kila mmoja aliondoka na sehemu yake na chuki yake. Ila katika miaka yote hiyo alikuwa amegawa mali za maiti tu. Waliompelekea shauri hilo hawakulifikiria jambo hilo, naye hakulitaja.

Maalim alikuja mwenyewe, akaketi dakani na Joab, naye Mwanakuu akiwa ndani ya mlango, akasikiliza pande zote mbili.

"Mwenye mali yuko hai?" aliuliza.

"Si huyu mimi, Maalim."

"Mali haigawanywi mwenyewe akiwa hai. Hilo halina njia." Akafikiri. "Labda tukukadirie umekufa."

"Nikadirie nini?"

"Kwa hesabu tu, mwanangu. Tukimaliza utafufuka."

Joab alisema kwamba yeye hana pingamizi.

"Wewe huna pingamizi," alisema Mwanakuu, "kwani afaye ni nani?"

Lakini alitaka kujua jawabu kuliko alivyoogopa kufa, basi akakubali. Maalim akajikohoza, akaanza kwa sauti yake ya darasani, ambayo ilikuwa ikifika hata kwa wanafunzi waliotoroka: "Marehemu Mwanakuu ameacha biashara ya shilingi mia tatu. Kwanza, inatolewa sanda."

"Sanda inatoka kwenye mtaji?" Joab aliruka.

"Kabla ya kila kitu."

"Bafta ya sanda siku hizi ni ghali sana, Maalim!"

"Nunueni ya rahisi," alisema Mwanakuu. "Mimi sitaivaa."

"Pili, madeni."

"Muuza mafuta ya taa ananidai kidogo."

"Marehemu hasemi," Maalim alimkumbusha. "Tatu, wasia. Huyu Bwana Joab si jamaa wala si wa dini yetu, kwa hiyo hawezi kurithi. Lakini aweza kuusiwa. Na wasia mwisho wake ni thuluthi. Basi akipewa kamili, ni thuluthi."

Joab alipiga paja. "Thuluthi! Sikusema?"

Mwanakuu alihisi damu ikimpanda. Amekufa, ametolewa sanda, na bado ameshindwa.

Wakati huohuo Nyevu, jirani, alikuwa akipita nje na kapu la nazi. Alisikia "marehemu Mwanakuu", akasikia "sanda", akasikia "wasia". Hakuna neno lililompita. Kapu lilianguka, nazi zikateremka na kichochoro, na Nyevu akaangua kilio kilichofika msikitini.

"Mwanakuu wee! Mwanakuu umeniacha! Na kiti changu cha Alhamisi!"

Alhamisi alikuwa akimwoza bintiye.

Mwanakuu alitaka kutoka kumnyamazisha. Maalim akamzuia kwa fimbo. "Usitoke. Bado hatujagawa sehemu za warithi. Ukifufuka sasa tutaanza upya."

Basi Mwanakuu akarudi ndani, akakaa nyuma ya pazia la mlango wa ukumbi, nao Joab na Maalim wakaingia wakakaa upande uleule, kwa kuwa Maalim hakupenda kusumbuliwa katikati ya hesabu. Nje sauti za wanawake zilikuwa zikiongezeka. Mara wakasikia viatu vya mwanamume dakani.

"Hodi wenyewe! Poleni kwa msiba."

Ilikuwa sauti ya Taib wa Makadara. Taib naye alikodisha vyombo vya harusi, ila mazulia yake yalikuwa na matundu na karabai zake zilizimika bwana harusi akiingia. Kwa msiba huu alikuwa amekuja mbio.

"Tumeshapoa," alijibu Mwanakuu nyuma ya pazia.

"Marehemu alikuwa mtu mwema sana. Nani asemaye? Ni wa ukoo?"

"Hakuna aliye karibu naye kuliko mimi."

"Mungu awape subira." Taib akanyamaza kwa kiasi cha heshima, nacho hakikuwa kirefu. "Sasa, bibi, vile vyombo. Nyinyi mtavifanyia nini? Mimi nitawaondolea mzigo. Vyombo, na kiti, na zile harusi alizokwisha kupokea. Mia moja na themanini, taslimu."

Joab alichangamka. Alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja, akamnong'oneza Maalim: "Kama ni mia na themanini, basi mia yangu ni zaidi ya thuluthi!"

"Vipi?" Maalim alinong'ona.

"Mia na themanini, uongeze mia yangu, ni mia mbili na themanini. Katika hizo, mia ni..." Kalamu ikasimama. Alikuwa ameongeza mia yake juu, jambo ambalo kwenye ile mia tatu hakulifanya. Aliitazama ile hesabu kiganjani mwake kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi aliopika mwenyewe.

Mwanakuu alimwona. Aligeukia pazia.

"Marehemu hangekubali mia na themanini," alisema. Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Mia mbili na arobaini, basi. Kwa ajili ya ujirani."

Joab alishika kichwa. Alikuwa amekwisha kuona jambo: kila Taib alipopanda, yeye alishuka. Mia yake haikubadilika, lakini kile ilichokuwa ikiingia kilikuwa kinakua mbele ya macho yake. "Mama, kubali!" alinong'ona. "Ni bei nzuri!"

"Mbona wataka kuniuza?" Mwanakuu alinong'ona. Kisha kwa sauti: "Bwana Taib, umesahau jina. Watu walikuwa wakiita karabai au walikuwa wakimwita Mwanakuu?"

Taib alipumua. Nje Nyevu alikuwa akimlilia Mwanakuu na Alhamisi kwa zamu, na kilio hicho kilikuwa ushahidi tosha kwamba wateja wapo. "Mia tatu," alisema Taib.

"Robo," Joab alisema peke yake, kwa huzuni.

"Naona bado wanakuja kulia," alisema Mwanakuu. "Wasikia? Hawa wote wana mabinti."

"Mia tatu na hamsini! Lakini leo leo!"

Hapo Joab hakuvumilia. Alivuta pazia, akajitokeza na kalamu mkononi. "Yuko hai! Mwanakuu yuko hai! Huyu hapa! Acha kupandisha!"

Taib alimwona Mwanakuu amekaa mkekani na kikombe cha kahawa. Alipiga kelele fupi, kisha akakasirika, na hasira ilipopoa kidogo alidai arudishiwe rambirambi, ingawa alikuwa hajatoa.

Alipokwisha kuondoka, Mwanakuu alimgeukia Joab. Sasa alikuwa na maneno.

"Bwana karani. Ile mia tatu aliyotaja Taib, mia yako ilikuwamo?"

"Haikuwamo. Iko mfukoni."

"Ikitoka mfukoni ikaingia kwangu, zitakuwa ngapi?"

"Mia nne."

"Mia ndani ya mia nne?"

Joab alitazama ukuta. "Robo."

"Na ukichukua thuluthi kwa mia yako, basi biashara nzima ni mia tatu ukiwa umeshaingia. Kabla hujaingia ilikuwa ngapi?"

"Mia mbili."

"Yaani jina langu umelila kabla hujakaribishwa."

Maalim Zein aliinua kidole. Alikuwa mtu wa haki, na kosa alipoliona alilishika, hata likiwa lake. "Mirathi ni kile alichokiacha marehemu. Mia ya Joab hakuiacha yeye. Mimi nilimgawia Joab mali ya Mwanakuu, na Joab hakutakiwa kupewa, alitakiwa kuleta. Ni robo."

"Taib alifika mia tatu na hamsini," Joab alisema kwa woga. "Sasa utataka bei hiyo?"

"Ile ya juu ilikuwa bei ya mimi kuwa maiti. Nikifa mimi, yeye hana mshindani. Alikuwa akinunua ukimya. Mimi ni hai, na neno letu lilikuwa mia tatu. Toa fedha."

Joab alitoa, na Maalim akashuhudia: robo kwa Joab, robo tatu kwa Mwanakuu, na rangi ya kijani isizungumzwe tena mpaka mmojawapo afe kwa kweli.

Kisha Mwanakuu akatoka dakani. Wanawake walinyamaza wote kwa pamoja. Baadhi walifurahi, baadhi walimtukana kwa machozi waliyoyapoteza, na mmoja aliyekuwa ameacha mkate motoni alitaka kulipwa mkate. Nyevu alimshika mikono, akamgeuza huku na huku kama kitambaa cha dukani, akaridhika. Halafu akafungua pindo la leso.

"Shika arubuni ya binti yangu wa pili."

"Wa pili hajachumbiwa, Nyevu."

"Atachumbiwa. Shika kabla hujafa tena."

Joab, ambaye sasa alikuwa mwenye biashara, alisogea haraka. "Robo ya hiyo ni yangu?"

"Arubuni si faida," alisema Mwanakuu, akaifunga kwenye leso yake mwenyewe. "Subiri msichana apate mume."